Wimbo Uliotoka Newala

Anayetoka Masasi kwenda Newala huianza safari yake katika nchi tambarare yenye majabali yaliyotapakaa, kila jabali limesimama peke yake kama mgeni aliyefika harusini bila ya kualikwa. Kisha gari huanza kupanda. Hupanda kwa kitambo, injini ikilalama, na hewa hubadilika hata abiria aliyevaa shati jepesi akajuta. Huko juu ndiko kwenye uwanda wa Makonde: mikorosho, mihogo, na upepo usiochoka. Ukingoni mwa mji wa Newala pana mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo ardhi hukatika ghafla na jicho likateremka hadi bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Maji yako huko chini. Kwa vizazi vingi wanawake wa uwandani wameyafuata mabondeni na kuyapandisha kwa vichwa vyao. Na tangu zama za Mwingereza yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo, na tangu zama hizo hizo mitambo imekuwa ikiharibika.

Mawimbi ya simu yaliupanda mlima huo kwa wepesi kuliko maji. Leo zipo nyumba nyingi uwandani ambazo hazina bomba, lakini ndani yake mna simu yenye kamera. Jambo hili huwashangaza wageni, hasa watu wa miradi, ambao huliandika katika ripoti zao kama kioja. Wenyeji hawaoni kioja chochote. Simu hununuliwa na mtu mmoja kwa fedha za msimu mmoja wa korosho. Bomba lahitaji serikali.

Katika mji wa Masasi yupo binti mmoja ambaye ni mwalimu kwa cheti na mchuuzi kwa kukosa ajira. Alihitimu chuo cha ualimu, akaomba kazi kila tangazo lilipotoka, na kila orodha ya majina ilipotolewa aliisoma tangu juu hadi chini, kisha tangu chini hadi juu, huenda jina lake lilipita bila ya kuonekana. Aliishi kwa mjomba wake, ndugu wa mama yake. Na kwa kuwa Wamakonde ni watu wa ukoo wa mama, hakuna aliyeuliza kwa nini yuko huko na si kwa ndugu za baba yake, ambaye ni Mmakua. Mjomba naye ni mwalimu, mstaafu, aliyesoma enzi ambazo mwanafunzi wa Chidya alijiona mtu wa peke yake duniani, na hajaacha kujiona hivyo.

Bibi yao yuko Newala, kijijini, mwendo wa bodaboda kutoka mjini. Ana mikorosho aliyoirithi na mingine aliyoipanda kwa mkono wake. Ana pia heshima ambayo hakuirithi kwa mtu: yeye ni kungwi. Wanawake wengi wa kijiji kile, wakiwamo waliokwisha kuwa na wajukuu, walipita mikononi mwake.

Mikono hiyo hubangua korosho kwa namna ya zamani. Bibi huzikaanga juu ya bati lililotobolewa matundu, moto mkali ukiwa chini, mpaka mafuta ya ganda yatoke na yenyewe yashike moto, na moshi mweusi uwafukuze kuku uani. Kisha huzimwagia mchanga, huziacha zipoe, halafu hukaa na kipande cha mti akapasua moja moja, kwa kiasi cha nguvu anachokijua yeye. Akizidisha kidogo korosho huvunjika, na iliyovunjika haina bei. Mafuta yale huunguza. Vidole vya Bibi vina weusi usiotoka kwa sabuni yoyote.

Mwanzo wa biashara ulikuwa mdogo mno kuitwa biashara. Mwaka 2021 Bibi alimpa mjukuu wake kilo tatu akauze Masasi apate nauli. Binti alizipiga picha juu ya ungo, asubuhi, jua halijawa kali, akaiweka picha katika ile sehemu ya WhatsApp inayofutika baada ya siku moja, akaandika bei na maneno mawili tu: Za Bibi. Jioni zilikuwa zimekwisha. Na walionunua walikuwa nani? Msichana waliyelala naye bweni moja chuoni; muuguzi mmoja wa Ndanda aliyewahi kupanga chumba kwa mjomba; na mke wa binamu yake aliyeko Dar es Salaam, ambaye aliagiza kilo nzima bila ya kuuliza lolote. Hapakuwa na mgeni hata mmoja.

Hapa pafaa kusimama kidogo, maana ndipo wanapokosea wengi wanaohubiri fursa za mitandao ya kijamii. Katika semina za ujasiriamali, ambazo siku hizi hazikosekani hata wilayani, kijana huambiwa atafute wafuasi, kana kwamba wafuasi ni maembe na aliye na upondo mrefu ndiye atakayeangua mengi. Haambiwi kwamba mtandao hauzai imani. Huichukua ile iliyokwisha kuwapo baina ya watu, ukaifikisha mahali ambapo miguu isingeifikisha. Tanzania ni nchi ambayo aghalabu kila mwenye simu amepata kupokea ujumbe wa mtu asiyemjua, ukimwamrisha kama ndugu: ile hela tuma kwenye namba hii. Laini zilisajiliwa upya kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Matapeli hawakuzimika pamoja nazo. Mnunuzi aliyekwisha kuumwa na nyoka huyo hatumi fedha Masasi kwa kuona picha ya ungo. Binti alilijua hilo bila ya semina. Kila mteja mpya alitaka ajue ametumwa na nani. Na kwa yule asiyetumwa na mtu, alipeleka mzigo kwanza kwa basi, akangoja malipo baadaye. Mara mbili hakulipwa. Waliomlipa ndio waliokuja kuwa mashahidi wake.

Alipotaka kufungua ukurasa wa Instagram ilimbidi aupe jina, na hapo nyumba ya mjomba ikagawanyika. Binti alitaka neno Makonde liwemo. Mke wa mjomba hakutaka. Yeye alikulia Dar es Salaam, na alilikumbuka neno hilo kwa namna lilivyotamkwa shuleni kwao.

Jina hilo limepita njia ndefu. Katika miji ya pwani na visiwani, kwa muda mrefu Mmakonde alijulikana kuwa mtu wa kulinda nyumba ya mwingine usiku au kulima shamba la mwingine mchana, na chale za usoni zilitosha kumfanya mzaha wa watoto. Wakati huo huo vinyago vyake vya mpingo viliuzwa kwa watalii, na jina Makonde likapamba milango ya maduka ambayo mchongaji mwenyewe hakuwa na hisa ndani yake. Kenya, Wamakonde waliofika Kwale na kwingineko pwani kufanya kazi za mashamba walikaa miongo na miongo bila ya vitambulisho, hata mwaka 2016 wakaondoka kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, na mwaka uliofuata wakatangazwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Kisha akatokea kijana wa mkoa wa Mtwara, Rajab Abdul Kahali, ajulikanaye kwa jina la Harmonize, ambaye aliwahi kuchuuza Dar es Salaam kabla ya kujulikana. Akajiita Konde Boy mbele ya mamilioni ya watazamaji wa mitandaoni. Na alipoondoka Wasafi mwaka 2019, kampuni yake ya muziki nayo akaipa jina la Konde. Mtu aweza kuupenda muziki wake au asiupende. Lakini kijana wa leo wa Newala halisikii jina la kabila lake kama alivyolisikia baba yake, na sehemu ya mabadiliko hayo imetokea ndani ya kioo cha simu. Binti alishinda. Neno Makonde likaingia.

Bibi hakuwa na habari na kurasa wala wafuasi. Faida ya simu aliijua kwa njia nyingine, nayo ni bei ya korosho ghafi. Kabla ya mfumo wa stakabadhi ghalani kuanza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, mkulima aliuza kwa aliyefika mlangoni, na mwenye kuijua bei alikuwa mnunuzi. Baada ya hapo korosho zikawa zinapelekwa chama cha msingi, na vyama vikuu, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na jirani zake, vikazipeleka mnadani. Ilikuwa nafuu kubwa. Lakini habari za mnada zilimfikia mkulima wa mbali zikiwa zimepunguzwa njiani, kama sukari ya mgawo. Siku hizi mnada haujamalizika vizuri na bei ya juu na ya chini imekwisha kuingia katika makundi ya WhatsApp ya wanachama, na mtoto wa jirani humsomea Bibi barazani. Oktoba 2018 wakulima walipozikataa mnadani bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, Bibi alijua kabla ya jua kutua, akazirudisha ndani zile alizokuwa ameanza kuzitia magunia. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kuzichukua. Malipo ya wengine yalisubiriwa hadi mwaka wa pili yake. Tangu msimu wa 2024/2025 minada yenyewe imehamia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na mnunuzi hutaja bei yake akiwa popote alipo.

Hata hivyo, simu haikuiua kangomba. Mama mwenye mtoto mgonjwa mwezi wa Agosti, mikorosho ikiwa ingali na maua, huijua bei ya mnada wa mwaka jana kwa senti, na bado huuza korosho ambazo hazijazaliwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnada ni Oktoba na homa ni leo. Bibi mwenyewe amewahi kuuza hivyo, mwaka aliofiwa na mumewe. Hapendi kuulizwa.

Yaliyotokea baina yake na mjukuu wake yalitokea Oktoba 2023. Binti alipanda Newala kufuata mzigo, akamkuta Bibi uani anabangua, peke yake, huku akiimba. Alitoa simu akampiga picha za video kwa muda wa dakika moja na nusu: vidole, moshi, kipande cha mti, na juu ya yote sauti ya mwanamke mzee isiyojua kwamba inasikilizwa. Hakuomba ruhusa. Mjukuu haombi ruhusa ya kumtazama bibi yake. Usiku ule, aliporudi mahali penye bando la kutosha, akaiweka Instagram na TikTok.

Wimbo wenyewe hakujua ni wimbo gani. Yeye alichezwa unyago wa siku hizi, wa likizo ya shule, siku chache mtu akarudi darasani. Mengi hakufundishwa kwa kukosa wakati. Alisikia maneno ya kilimo, jembe na mbegu na mvua, akaona yanaafikiana na korosho.

Kwa siku nne picha ile ilitazamwa na watu wengi kuliko wote waliomo wilayani Newala. Watu wasiojua neno moja la Kimakonde walisema wamelia. Mwanamke mmoja aliyeko Muscat aliandika kwamba bibi yake, Unguja, aliuimba wimbo unaofanana na huo alipokuwa akitwanga, na kwamba hakuwa ameusikia kwa miaka 30. Na oda zikaja: kilo sitini katika juma moja, kwa mtu ambaye mwezi mzuri aliuza ishirini. Binti hakulala. Alifanya hesabu juu ya hesabu, akaanza hata kutafuta bei ya mashine ndogo ya kufungia mifuko.

Siku ya tano wanawake watatu walifika kwa Bibi, watu wazima, wamejifunga kanga za heshima. Hawakugombana. Waliamkiana, wakakaa, wakanywa chai, wakaulizana habari za mashamba. Ndipo mmoja alipotoa simu ya mwanawe na kuiweka mkekani. Wimbo ule ulikuwa wa ndani. Huimbwa mlango ukiwa umefungwa, na jembe lake si jembe wala mbegu yake si mbegu. Mwari hupewa maana yake, na mwanamume hapewi. Lakini yaliyokuwa katika simu ile hayakuwa tena picha ya Bibi. TikTok humruhusu mtu yeyote kuichukua sauti ya mwenzake na kuivalisha picha zake mwenyewe, na sauti ya Bibi ilikuwa imevalishwa kijana mmoja wa mjini, mwenye kofia, anayecheza kando ya gari.

Binti aliitwa, akapanda siku ya pili yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Keti."

Hakumwita mke mwenzangu, kama alivyozoea kumtania tangu utotoni. Kwa hilo tu binti alijua.

"Wimbo wangu umeupeleka wapi?"

"Nimeuweka mtandaoni, Bibi. Watu wameupenda sana. Tumepata oda za kilo sitini."

"Sikuuliza umeuza kiasi gani. Nimeuliza uko wapi."

Binti akatoa simu, akaufuta mbele yake, akamwonyesha mahali palipokuwa na picha pakiwa patupu. Bibi alipatazama kwa muda.

"Na yule mwenye kofia, naye ameufuta?"

Kilichomuuma Bibi hakikuwa kijana mwenye kofia, ambaye hamjui wala hatamjua. Kilichomuuma ni kwamba wale wanawake watatu waliwahi kumkabidhi binti zao. Ukungwi hauna cheti wala ofisi. Una mdomo unaojua kufunga. Na wao, kwa adabu yao yote, walikuwa wamemtazama kama mtu aliyeuza. Kijijini mtu aweza kuishi bila ya maji ya bomba na bila ya bando, lakini siku akitazamwa hivyo hana pa kwenda.

Aliyelitafakari jambo hili kwa marefu ni mjomba, kwa kuwa ndiyo kazi yake siku hizi. Aliwakumbusha kwamba haikuwa mara ya kwanza kwa sauti za nchi ile kuondoka hivyo. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijamalizika vizuri, Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika kwa njia ya Lindi, akapita Masasi na kukaa Newala na Mahuta. Alikuwa na kamera, mtambo wa picha zinazotembea, na fonografu ya kunasia sauti katika mitungi ya nta. Alinasa nyimbo za watu wa nchi ile, na miongoni mwa waimbaji wake alikuwamo kipofu wa upande wa Masasi aitwaye Sulila. Alitazama na kupiga picha hata sherehe za unyago, akaondoka na vinyago, ala na sauti, na mwaka 1908 akatoa kitabu chake. Mjomba hakumlaani. Alisema kwamba kama si Mjerumani yule, jina la Sulila lisingejulikana leo na mtu yeyote. Ila alitaka mjukuu wa ukoo wake aone tofauti iko wapi, na kama ipo: Weule alihitaji meli na wapagazi kuzichukua nyimbo za Newala, yeye alihitaji usiku mmoja, na hakuwa mgeni.

Wapo watakaosema kwamba siri za unyago zimekwisha kuvuja zamani, na kwamba kulia leo ni kulilia maji yaliyomwagika. Hoja hii si ya kupuuzwa. Unguja yenyewe imeyaona haya: Bi Kidude, aliyefariki dunia Aprili 2013, alikuwa kungwi, akaipandisha ngoma ya unyago jukwaani mbele ya wanaume na wageni, na wapo waliomlaumu kama walivyokuwapo waliomshukuru. Lakini Bi Kidude alichagua. Alijua nini anakitoa na nini anabaki nacho, na kila wimbo ulipokwenda, jina lake lilikwenda nao. Bibi wa Newala alikuwa amekaa uani kwake anabangua korosho.

Mambo yalimalizwa kwa njia zilizopo. Mjomba alimsindikiza binti hadi kwa wale wanawake, wakatoa kuku wawili, sukari na kanga tatu, na binti akaomba radhi akiwa amepiga magoti. Kisha akawaandikia mmoja mmoja wote aliowaona wameichukua sauti ile. Baadhi waliifuta na kuomba msamaha. Wengi hawakujibu. Yule mwenye kofia alijibu kwa alama ya kicheko.

Zilibaki zile kilo sitini. Binti alitaka kurudisha fedha zote. Aliona haramu kufaidi. Bibi alimkatalia.

"Watu wamelipa korosho, hawakulipa wimbo. Wapelekee."

Wakakaa siku nyingi wanabangua pamoja. Na ni katika siku hizo, mikono ya binti nayo ikianza kuungua na kubabuka, ndipo Bibi alipouliza swali ambalo hakuna semina iliyopata kuuliza. Alitaka kujua katika kila kilo mtu mwenye basi hulipwa kiasi gani. Binti akamtajia. Mwenye mifuko? Akamtajia. Wenye bando? Akamtajia.

"Na mwenye mikono?"

Binti alichukua daftari akapiga hesabu upya tangu mwaka 2021. Katika ukurasa wa kutoa kulikuwa na nauli, mifuko, vocha, hata sabuni. Bibi hakuwamo. Alimletea vitenge, ndiyo, na sukari, na dawa za miguu, kama mjukuu yeyote afanyavyo. Lakini ujira hakuwahi kumlipa, wala haikumjia akilini kwamba unadaiwa. Alipouweka ujira huo mahali pake, hata kwa kiwango cha kibarua wa kawaida wa palizi, faida yote ya miaka miwili, ile aliyokuwa akiitaja kwa wenzake kama ushahidi kwamba mitandao inalipa, ilitoweka. Ilikuwa ni jasho la Bibi limebadilishwa jina.

Hili ndilo lililokuwa zito kuliko wimbo, na huenda ndilo linalofichika katika nyingi ya hadithi za mafanikio zinazosimuliwa mitandaoni. Nyuma ya ukurasa mzuri wa kuuza chakula, ushonaji au vinyago, mara nyingi yupo mama, shangazi au mke anayefanya kazi usiku, ambaye haonekani katika picha wala katika hesabu. Mwenye simu huitwa mjasiriamali. Mwenye mikono huitwa familia.

Masharti ya Bibi yaliandikwa na mjomba katika daftari la shule, kwa mwandiko wa Chidya. Kila kilo ina ujira wake, unaolipwa mzigo unapoondoka na si unapofika. Mikono yake yaweza kupigwa picha, uso wake usipigwe. Sauti yake ni mali yake, na anayeitaka aje aiombe kwa mdomo. Binti alipandisha bei ili aweze kulipa, na akapoteza wateja. Baadhi yao wakamwandikia kwamba korosho za mashine ni rahisi zaidi, na hawakusema uongo. Waliobaki ni wale wa mwanzo, na walioletwa nao. Mmoja wa wale wanawake watatu alikuja baadaye kuulizia kama kibarua hicho kina nafasi. Leo wako wanne uani kwa Bibi, na wakibangua huimba nyimbo za kanisani, za ngoma za harusi, na za Konde Boy.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima. Mei 2024 iliwahi kulegea kwa sababu ya nyaya zilizokatika chini ya bahari, na watu wakanung'unika tu. Mara hii ilizimwa kabisa, kukiwa na machafuko na habari za misiba, na hakuna aliyejua ndugu yake wa Dar es Salaam yu katika hali gani. Binti alikuwa na mizigo miwili njiani na oda nane ambazo hakuweza hata kuzisoma. Magari yalipopatikana akapanda Newala, kwa kuwa hakuona pengine pa kwenda. Katika siku zile mteja mmoja wa zamani, yule muuguzi wa Ndanda, alimpigia simu ya kawaida kumuuliza kama wote wazima, na kumwambia fedha zake zipo, asiwe na wasiwasi.

Takribani siku tano hali ilikuwa hiyo. Walikaa uani wao wawili tu, wale wengine wakiwa makwao, simu ikiwa ndani ya mkoba ndani ya nyumba. Bibi akauanza wimbo ule. Akauimba wote, taratibu, na kila ubeti ulipokwisha alisimama akamwambia binti jembe ni nini, mbegu ni nini, na mvua ile ni mvua gani. Binti alirudia maneno, akikosea Bibi alimrudisha mwanzo. Walikuwa katika ubeti wa tatu pale simu iliposhtuka mkobani na kulia mfululizo, jumbe za siku tano zikiingia kwa pamoja. Bibi akaukata wimbo hapo hapo.

"Haya, mke mwenzangu. Wajibu wateja wako, tujue nani mzima. Na ukimaliza, nitazamie bei ya mnada."